Hedifoni Mbovu

Mama Sekela alidai kwamba yule mke wa mwenye duka hakumwona mkwe wake hata unyayo. Alikuwa peke yake dukani, huko Kyela, simu ikalia, akainua. Basi. Kumbe aliyekuwa upande wa pili ni baba mkwe, anaulizia magunia ya mpunga, na yeye kwa kutojua akajibu, wakasemezana vizuri tu mpaka mzee alipotaja jina lake. Mwanamke akaitupa simu kama aliyeshika kaa la moto. Mavuno yale hayakwisha, alisema Mama Sekela, mimba ilikuwa imetoka na mdomo umekwenda upande, na mpaka leo akinywa uji unamwagikia kifuani.

Walikuwa bombani, Iyunga, nyuma ya nyumba za watu wa reli. Tupokigwe alikuwa ameweka ndoo yake kwenye foleni na kusimama pembeni, kanga ameifunga juu kidogo kuliko kawaida.

"Lakini hakumwona," alisema.

"Ndiyo nakwambia. Jicho unalifumba. Unajifunika, unaingia migombani mpaka mzee apite. Sikio utalifumba na nini, mwenzangu? Sauti ikishaingia imeingia."

Wanawake wengine waliguna. Mmoja aliyetoka Usangu, Msukuma, akasema kwao mambo hayo ya kumkimbia mkwe hawayawezi, mkwe mwenyewe ndiye wa kwanza kukuagiza maji ya kunywa. Mama Sekela akamwambia ashukuru Mungu, maana huku Unyakyusani mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani njiani, hawaangaliani, hawaitani majina, na anayedharau anaona kwa macho yake. Wakacheka. Tupokigwe naye akacheka, kwa sababu asiyecheka huulizwa ana nini.

Mtaa mzima waliamini anauza stempu. Posta, wakimuuliza, dirisha la stempu. Hivyo ndivyo alivyomwambia Asukile, mumewe, awaambie wazee wake, na ndivyo alivyowaambia majirani. Zaidi ya Asukile, hakuna aliyejua kwamba siku nzima alikaa nyuma ya ukuta, mbele ya ubao wa simu wenye matundu, akiwaunganisha watu wasioonana. Kabla ya ujauzito huu aliokuwa nao sasa, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ile ya pili ilipotoka, shangazi za Asukile walikuja, wakala, wakanawa mikono, kisha wakamuuliza kwa upole kama hakuwahi kukutana na mzee mahali, labda kisimani, labda kwenye njia ya shamba. Alisema hapana. Walimtazama kwa muda mrefu.

Na ilikuwa kweli. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kusimama mbele ya mkwe wake. Alijua kikohozi chake, kikavu, kinachotangulia kabla ya fimbo. Akikisikia alikuwa ameshapita nyuma ya jiko na kujikunja kati ya migomba, uso kwenye magoti. Asukile alikuwa akimcheka. Mambo ya zamani hayo, alisema, siku hizi hata wachungaji wanahubiri yaachwe. Lakini wakienda nyumbani ni yeye huyo huyo Asukile aliyetangulia mbele hatua kadhaa, akiangalia kila kona ya njia, halafu anampungia mkono kwamba pita.

Ndiye pia aliyeleta habari. Alirudi kutoka Rungwe na kikapu cha ndizi, akakaa, akasema chama cha wakulima wa chai cha kule nyumbani kimewekewa simu. Baba, kwa kuwa ni mwenyekiti, ndiye anayeshika ufunguo wa chumba.

"Atakuwa anaongea na Iringa, na Dar es Salaam, amekaa kwenye kiti," alisema, na sauti yake ilijaa fahari. Kisha akamtazama mkewe, fahari ikamwisha usoni. Wote wawili walijua kwamba simu zote za mbali za Rungwe zilipita Mbeya, ubaoni kwake.

"Si unauza stempu wewe?" alisema baadaye, kwa mzaha.

"Nauza stempu," alijibu.

Hawakulizungumza tena.

Wiki hiyo hiyo hedifoni mpya zikafika. Alizileta fundi Edmund kutoka Iringa, ndani ya boksi lililojaa vipande vya magazeti, na akasema kila opereta achague ya kwake na kukaa nayo, maana hizi za kuvaliana zimeleta ugonjwa wa masikio. Wasichana wenyewe hawakuziita hedifoni. Waliziita masikio. Dada, nipe masikio yangu. Nani amekalia masikio yangu?

Zilikuwa za aina mbili. Za kijivu zilikuwa kubwa, zenye sikio la kulia na la kushoto, na kila sikio lina mto wa ngozi unaofunika kila kitu. Nyeupe zilikuwa nyembamba, zimepinda juu ya kichwa kama kibanio, na sikio lake moja halikuzidi kifuniko cha soda.

Rozalia hakungoja. Alichukua nyeupe, akaipachika juu ya nywele zake alizozichana zikasimama kama za wasichana wa magazetini, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Unachagua hedifoni au unachagua hereni?" Edmund alimuuliza.

"Vyote. Ingekuwa na shanga ningechukua mbili."

"Wateja hawakuoni, Rozalia," alisema Matilda Kalinga, msimamizi wao.

"Wewe unaniona, dada."

Alipoijaribu kwenye laini, ikatoa sauti kama mbu ndani ya kopo. Akakunja uso, akasikiliza tena, akasema atazoea. Akiinama ilimteleza mpaka shavuni. Hakuivua.

Matilda alicheka kidogo. Alikuwa Mhehe mrefu, amekaa ubaoni tangu enzi za wakoloni, na juu ya masikio yake palikuwa na mfereji ambao chuma cha zamani kilikuwa kimeuchimba kwenye nywele na hazikuota tena. Alichukua ya kijivu bila kuitazama, akaivaa, akafumba macho. Alipofumbua alisema kwamba ukiivaa hii unafanana na dereva wa katapila, na shingo itakuuma kabla ya chakula cha mchana, lakini mtu wa Tunduma utamsikia kama umelala naye mto mmoja. "Kichwa ni chako," aliwaambia. "Tafuta kitu utakachofika nacho jioni bila kukichukia. Uzuri utazoeleka. Maumivu hayazoeleki. Na usiposikia, huna kazi hapa."

Tupokigwe alivaa ya kijivu. Mito ilimshika taratibu pande zote mbili, chumba kikapotea, Rozalia akawa anafungua mdomo bila sauti. Akachomeka plagi ya Tunduma. Alimsikia opereta wa Tunduma akimeza mate kabla ya kusema haloo. Halafu haloo yenyewe ikatokea, si nje, si sikioni, bali katikati ya kichwa, mahali anapokaa yeye mwenyewe.

Akaivua haraka mno, nywele zikanasa.

"Vipi, imekuuma?" Edmund aliuliza.

"Hapana."

Haikumuuma popote. Hicho ndicho kilichomtisha. Akajaribu nyeupe, na ile ya mbu, ingawa nyembamba, ilichoma maneno yote mpaka ndani, moja moja. Akairudisha. Wengine walishachagua, Edmund alikuwa anakusanya magazeti yake, ndipo Tupokigwe alipoona chini ya boksi moja ya zile za zamani, nyeusi, nzito, ya sikio moja na ukanda wa chuma. Akaichukua, akaivaa, akachomeka tena Tunduma. Mtu alisema kitu. Ilikuwa kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya gunia la unga, gunia liko chumba cha pili. Ungeweza kujua ni mwanamume. Ungeweza kukisia anataka wapi. Zaidi ya hapo hakukuwa na mtu.

"Nachukua hii," alisema.

Walidhani anatania. Edmund akamweleza kwamba hiyo ameitoa Chunya, utando wake umepasuka, anairudisha Iringa akafungue skrubu tu. Rozalia akasema mwenzetu ameona ya kijivu itamharibia kilemba. Wakacheka wote isipokuwa Matilda.

"Haikubani hiyo?"

"Hainibani, dada. Nimeizoea."

Chuma kilikuwa kimeshaanza kumkata nyuma ya sikio. Matilda alimtazama jinsi shangazi za Asukile walivyomtazama, kisha akageuka.

Angeweza kumweleza. Alilifikiria jambo hilo kila siku akipanda kilima kwenda kazini, akapanga maneno, na kila siku maneno yalikwama kwenye kitu kimoja alichokiona mwaka uliotangulia. Msichana mmoja wa Busokelo aliomba asiwe anashika laini fulani kwa sababu ya mkwe. Matilda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha vijilango vya shaba vya laini, akasema, bila ukali, "Ubao hauna mkwe wala shemeji. Kijilango kikianguka, unaitika." Kabla ya mwezi kuisha yule msichana alikuwa anapanga vifurushi kule nyuma, na mwezi uliofuata hakuwepo hata kwa vifurushi. Sasa reli ilikuwa imekwisha kujengwa, Asukile alikuwa miongoni mwa walioambiwa wangoje nyumbani wataitwa, na unga uliokuwa jikoni ulitokana na ubao.

Kwa hiyo alimwendea Rozalia. Alimwambia, kijilango cha Rungwe kikianguka, chukua wewe, nami nitakusuka kila Jumapili.

"Una bwana Rungwe?" Rozalia aliuliza, macho yamemtoka kwa furaha.

"Hebu."

"Unaye. Na mnene. Sawa, nisuke."

Mambo yakaenda hivyo. Pale ubaoni kila laini ilikuwa na kijilango chake cha shaba, ukubwa wa ukucha, na mtu akipiga kinadondoka kwa mlio mdogo kama jino linalogonga jino. Cha Rungwe kilikuwa safu ya chini. Tupokigwe alijifunza kutokitazama, kama vile alivyokuwa amejifunza kutotazama njia ya kisimani. Kikianguka, mkono wa Rozalia ulipita mbele yake, naye aliona midomo ya Rozalia ikisema ndiyo, mzee, subiri, mzee, na sikio lake la wazi, lile lisilovaa kitu, likawaka moto.

Lakini hedifoni mbovu ilikuwa na yake. Mtu aliomba kituo cha polisi akampa kiwanda cha mbao. Mwingine alitaka Kilolo, kutoa taarifa ya msiba, akaunganishwa Igowole, akapiga mayowe ya kilio kwa karani wa chai asiyemjua, na mpaka kosa lilipogundulika basi la mwisho la Iringa lilikuwa limeondoka na ndugu wa marehemu hawakuwahi mazishi. Mwenye msiba alikuja mwenyewe posta. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye kaunta amevua kofia, akaomba tu aonyeshwe aliyefanya vile, amwone sura.

Matilda hakumwonyesha. Alipofunga mlango alimwambia Tupokigwe kwamba amemficha mara moja, na hana mahali pengine pa kumficha. Likitokea lingine, atakwenda kwenye vifurushi.

Tupokigwe hakulala vizuri. Alikaa akihesabu vitu viwili ambavyo havikuhesabika, mtoto na kazi, na kila alipokipa kimoja nafasi kingine kilidondoka.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu wa mlima Loleza umeshuka mpaka madirishani, alifika akakuta kiti cha Rozalia kitupu. Jino, alisema Matilda. Amevimba shavu, haongei. Kisha akamnyooshea hedifoni ya kijivu. Ile nyeusi, Edmund alikuwa amepita nayo alfajiri na gari la Iringa.

"Vaa," alisema Matilda.

Akavaa. Mito ikamshika. Palikuwa na joto ndani mle, na kimya ambacho hakukijua, akisikia damu yake mwenyewe ikitembea. Asubuhi yote aliunganisha watu bila kosa hata moja. Makambako, Njombe, Tunduma. Kila aliyesema haloo aliingia mzima mzima kichwani, na pumzi yake, na mafua yake. Matilda alimtazama mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kijilango cha Rungwe kilianguka.

Hakugusa kitu. Alimtazama Matilda. Matilda alikuwa ubao wa pili, amempa mgongo, amebeba laini ya Dar es Salaam iliyokuwa ikikatika kila dakika, akirudia tarakimu kwa sauti kubwa. Tupokigwe akainua mkono. Matilda akageuka nusu, akagonga sikio lake kwa kidole kwamba nimeshikwa, akamwonyesha kijilango, akageuka tena.

Labda ni karani. Chama kina karani. Akachomeka.

Kikohozi kilikuja kwanza.

Hakukuwa na migomba. Kilikuwa mle mle ndani, kikavu, pande zote mbili, na nyuma yake kuku alikuwa akilia nje ya dirisha la Rungwe na mtu fulani akipasua kuni.

"Haloo," alisema mzee, kwa kupayuka, kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. "Haloo. Huko kuna mtu?"

Kijilango kikianguka, unaitika.

"Posta Mbeya," alisema Tupokigwe.

Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia tangu aolewe.

"Ndaga, mwanangu. Ndaga sana." Sauti ilishuka na shukrani hiyo ya Kinyakyusa. Akaeleza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba karani amesafiri na yeye hii mashine haijui, aliwahi kupiga mara chache akiwa ameshikiwa. Mkewe alipelekwa Iringa hospitali jana, tumbo limevimba, limekuwa gumu. Wametuma neno kwa mtu wa lori kwamba ni lazima apasuliwe leo, na kwamba hawaanzi mpaka mwenyewe aseme. "Wanataka neno langu, binti. Nimekuja nitoe neno langu."

Tupokigwe alisikiliza, na katikati ya kusikiliza akaelewa ni tumbo la nani. Ni la mama mkwe, yule aliyekuwa akimfunika kwa upande wa kanga yake mwenyewe kikohozi kilipokaribia. Aliyemletea uji wa ulezi baada ya mimba ya pili na hakuuliza kitu. Asukile alikuwa nyumbani Iyunga anapasua kuni wakati huu, hajui.

Mzee akataja jina lake, polepole, ili liandikwe vizuri. Liliingia lote.

Akaita Iringa. Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe. Akaitika Danieli, opereta wa siku zote, mtu wa maneno, akamuuliza Mbeya mmeamkaje na hilo baridi. Tupokigwe akamwomba hospitali. Baada ya muda Danieli akarudi akasema hospitali wapo, karani wa wodi ameshika, haya mpe aongee.

Akafungua njia, akamwambia mzee azungumze. Mzee alizungumza. Alipayuka tena mpaka kuku akanyamaza.

"Mbeya," alisema Danieli, "mtu wako simsikii. Upepo mtupu. Tuseme laini ya huko imelowa. Nisemee wewe, nami niwasemee hawa."

"Ni ruhusa ya kupasua," alisema Tupokigwe. "Mgonjwa aliyetoka Rungwe jana. Mumewe amekubali."

Danieli alikuwa anaongea na karani. "Wanataka jina la anayetoa ruhusa."

"Ni mume wa mgonjwa."

"Wenye waume wamelala hapa wodi nzima, dada. Jina."

"Laini ni ya chama cha wakulima. Waandike hivyo. Mwenyekiti wa chama."

Danieli aliuliza. Akarudi, safari hii hakutania. "Wanasema chama hakina mke. Daktari ameshanawa mikono, Mbeya. Jina lake tu."

Alimtazama Matilda. Mgongo, na sauti inayorudia tarakimu za Dar es Salaam. Akainua mkono, akaupunga, hakuna aliyeuona. Waya wake haukufika mpaka kule, na kuivua hedifoni kulikuwa ni kumwacha mzee peke yake gizani na mashine yake.

"Binti," alisema mzee, chini kabisa.

Kwa hedifoni mbovu asingesikia. Kwa hii alisikia hata kabla ya neno: ulimi uliokuwa ukitafuta mate kinywani, meno yaliyogongana taratibu, pumzi iliyoingia ikakatika katikati, ikaingia tena. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu ambacho mtu huyo anaweza kukiogopa.

"Binti, upo? Wanasema nini?"

"Hawakusikii, mzee. Wanauliza jina."

"Si nimekwambia." Akavuta pumzi. "Mimi hawanisikii. Wewe unanisikia. Nisemee, mwanangu. Liseme tu."

"Mbeya," alisema Danieli.

Tupokigwe alifungua mdomo, jina lile ambalo mke wa mtoto halitamki liko ulimini. Mkono mmoja ulikuwa kwenye plagi ya Iringa, mwingine kwenye ya Rungwe. Katika kile chumba cha baridi pumzi yake ilitua juu ya shaba ya kipaza sauti kilichokuwa mbele ya mdomo wake ikafanya doa jeupe la ukungu, likatanuka, likaanza kunywea kutoka pembeni, kisha likatanuka tena.